Swichi ya Vyumba Viwili

Mwalimu aliinua rezista kwa ncha za vidole viwili, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kidude chenyewe hakikuzidi punje ya mchele, na tumboni kilizungukwa na mistari minne ya rangi inayotaja kipimo chake.

"Kahawia," alisema. "Nyeusi. Chungwa. Mwisho dhahabu."

Mumewe, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda alicholazwa mkewe hospitalini, aliandika juu ya bahasha kuukuu. "Elfu kumi," alinong'ona. "Inayofuata."

"Nyekundu, nyekundu, kahawia. Hebu subiri. Ndiyo, kahawia."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka ishirini na minane. Mume alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka madukani na maghalani kurekebisha mizani zilizoanza kusema uongo, na watu walimwita Mizani tangu ujanani hata jina la kwenye cheti likabaki kulala kabatini. Nyumbani, hata hivyo, mikono yake ilipenda umeme. Alijifundisha mwenyewe kwa kufungua redio zilizokufa na kuzifunga tena, mpaka siku moja mmoja wa marehemu hao akakohoa na kusoma taarifa ya habari. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo alizaliwa nayo: macho yake hayakujua kutenganisha nyekundu na kijani, wala kijani na kahawia. Kwake zote zilikuwa tope. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili. Mwalimu, aliyefundisha watoto wa watu kusoma herufi, alirudi nyumbani kila jioni kumsomea mumewe rangi.

Kusema kweli, mita yake ndogo ya kupimia umeme ingemwambia yote hayo bila kumsumbua mgonjwa. Aliiacha nyumbani kwa makusudi. Alihitaji kitu cha kushika mbele ya kitanda hicho, maana mikono mitupu huvuta maswali.

"Na yote haya ni ya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Swichi."

"Swichi gani?"

"Ya spika. Ya rimoti. Ukitaka muziki chumbani, unabonyeza, unakuja. Ukitaka urudi sebuleni, unabonyeza, unarudi. Wewe huinuki."

"Yaani muziki utanifuata kama mbuzi."

"Kama mbuzi mtiifu."

"Hakuna mbuzi mtiifu, Mizani." Alicheka, kisha kicheko kikamgusa nyonga naye akauma meno. Nyonga ilikuwa imevunjika, ikaungwa kwa chuma, na daktari alisema Jumamosi angeweza kwenda nyumbani ikiwa tu, kwa wiki nane, hatainuka kitandani bila mtu wa kumshika. Mizani aliposikia sharti hilo alishusha pumzi. Kumkataza Mwalimu kuinuka ni kuyakataza maji kuteremka.

Mwalimu alirudisha rezista kwenye karatasi yake. "Lile zulia la koridoni bado lipo?"

Kalamu ilisimama. "Nimelitoa. Lilikuwa limejaa vumbi."

"Vizuri." Aliangalia dari. "Nakumbuka nilikuwa nakwenda kugeuza ile swichi ya zamani. Nakumbuka mguu umeshikwa. Kama mtu kaudaka. Baada ya hapo, dari."

"Si mtu, dada. Ni maji yangu ya deki."

Mdogo wake Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliishi nao tangu mwaka uliopita, baada ya duka alilouzia kufungwa, naye na Mizani waliitana shemeji, kwa heshima na kwa utani, kama inavyostahili. Sasa utani ulikuwa umemhama. Aliweka chupa mezani kama mtu anayeogopa kuwa hata meza itavunjika.

"Ningekamua kile kitambaa vizuri," alisema. "Kazi ya dakika moja, kukamua. Mtu mzima mimi, nashindwa kukamua kitambaa."

"Nyamaza basi. Wagonjwa wenzangu watadhani nimekufa."

"Shemeji, si nilikwambia siku ile ile? Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," Mizani alijibu, na ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kilo tano.

Ilikuwa kweli, alisema. Lakini katika kazi yake Mizani alijua kwamba mizani mbovu haibuni uzito. Huficha gramu chache tu, kila mara, kwa utulivu, na anayeibiwa huenda zake akishukuru.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma, Mwalimu alipotaka muziki ufike chumba cha nyuma alikokaa kushona. Amplifaya ilikuwa sebuleni, kubwa na nzito, ya zamani kuliko ndoa yao. Mizani aliweka spika mbili mpya chumbani, akatengeneza kisanduku chenye swichi ya kugeuza kwa mkono, akapitisha waya koridoni, chini ya zulia jembamba. Kwa muda tu, alisema. Akipata nafasi ataupandisha ukutani. Zulia lilichakaa ukingo karibu na mlango, pale penye giza, na waya ukachomoza kama mshipa wa shingo. "Waya huu utatung'oa meno," Mwalimu alisema mara moja, mara mbili. "Kesho naupandisha," alijibu Mizani mara zote mbili. Kesho ni gunia lisilojaa.

Siku ya kuanguka alikuwa kwenye meza yake barazani. Alisikia kishindo, kisha akasikia kile kilichomtisha zaidi: muziki uliendelea sebuleni kama vile hakuna kilichotokea. Alimkuta mkewe chali, mguu wa kushoto ndani ya kitanzi cha waya. Alipiga magoti, akautoa mguu, akapiga kelele. Majirani walikuja, wakambeba mpaka kwenye gari. Mizani alirudi ndani kuchukua kadi ya kliniki ya mkewe, na hapo ndipo mikono yake ilipofanya jambo ambalo kichwa hakikuiagiza. Ilivuta waya, ikakunja zulia, ikavitia vyote kwenye gunia la stoo. Alijiambia anasafisha njia. Ni ndani ya gari alipotazama suruali yake, akaona magoti yake hayakulowa hata tone. Deki ya asubuhi ilikuwa imekauka zamani.

Kwenye benchi la hospitali Shemeji alifika analia, akisema ni yeye, ni maji, ni kitambaa. Mizani alisubiri anyamaze kidogo ili aseme. Aliponyamaza, daktari alitoka. Daktari alipoondoka, wageni walikuwa wamekuja. Neno lisilosemwa siku ya kwanza huota mizizi, na sasa zilikuwa zimepita wiki tatu.

*

Jumatano alikwenda kwa muuza vipuri, kijana mnene aliyekaa nyuma ya droo ndogo mia moja akijua kila moja ina nini.

"Rimoti ya spika?" Muuza vipuri aligeuza karatasi ya Mizani juu chini. "Mzee, siku hizi kuna spika hazina waya kabisa. Unaziambia tu."

"Mimi nina waya."

"Na mama anaendeleaje?"

"Jumamosi anarudi."

"Basi okoa vipuri, umwimbie mwenyewe."

"Nimeshamwimbia. Ndiyo maana alinunua spika."

Kijana alicheka hadi droo zikatetemeka. Alimpa rilei mbili, jicho la kupokea mwanga wa rimoti, na transista ya kuziamsha rilei. Mizani akaomba waya, mita kumi na tano, kipande kimoja. Vilikuwepo vipande vifupi tu.

"Unganisha, mzee. Nani atachungulia juu ya ukuta?"

"Siungi waya mahali nisipoweza kuuona," alisema Mizani. Ilikuwa kanuni yake ya siku zote. Njiani kurudi nyumbani ilimsumbua, kama viatu vinavyombana mtu aliyevichagua mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyofika stoo na kufungua gunia.

Waya ulikuwa mzuri, wa shaba safi, jozi mbili zilizosokotwa pamoja, nyekundu na kijani. Kwenye kila ncha nyekundu, Mwalimu alikuwa amefunga uzi mweupe, miaka miwili nyuma, ili mumewe asichanganye. Mizani aliulaza waya magotini. Kisha akaupangusa kwa mafuta ya taa, akaupandisha ukutani juu kabisa ya korido, akaubana kwa vibanio kila shibiri mbili, ukanyooka kama mstari wa daftari. Alipomaliza aliupaka rangi nyeupe iliyobaki walipopaka kuta, toka sebuleni mpaka nyuma ya kitanda. Ulionekana mpya. Alirudi nyuma hatua mbili kuutazama, na badala ya fahari akahisi baridi, kama mtu aliyefukia kitu kisha akapanda maua juu yake.

Alijitupa kwenye kazi ya swichi. Rilei ni kikopo chenye sumaku ndani: umeme ukiingia, sumaku inavuta ulimi wa chuma upande huu, ukitoka, ulimi unarudi upande ule, tk. Jambo la kwanza la kuamua lilikuwa pa kulaza ulimi huo wakati haujavutwa. Mizani aliufikiria usiku kucha kama kesi. Mwisho akaamua ulale chumbani. Rimoti ikiharibika, betri zikiisha, yeye mwenyewe akikosekana, muziki uende kwa mgonjwa.

Jambo la pili lilikuwa hofu. Ulimi ukichelewa kuachia upande mmoja kabla ya kushika wa pili, amplifaya itabeba spika nne kwa mpigo. Nyaya mbili za spika zikigusana, itaungua, na vipuri vyake havipo tena duniani. Kwa hiyo hakuigusa amplifaya. Aliweka balbu mbili ndogo mahali pa spika, akabonyeza rimoti ya televisheni iliyokufa zamani. Tk, balbu ya kushoto. Tk, ya kulia. Alitazama kama kuna chembe ya wakati ambapo zote mbili zinawaka. Alibonyeza mara hamsini. Akabonyeza mara mia. Hazikuwaka pamoja hata mara moja, lakini tumbo lake halikuamini macho yake, maana macho hayo alikuwa anayajua.

Ijumaa asubuhi, Mizani akiwa bado anabonyeza, Shemeji alimletea chai. Alisimama badala ya kuondoka.

"Dada akipona, mimi naondoka, shemeji."

"Uende wapi?"

"Nina rafiki ana duka la nguo. Nitakaa kwake." Alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Siwezi kukaa nyumba ambayo nikishika ndoo natetemeka. Unajua siku hizi nafuta korido kwa kitambaa kikavu? Kikavu, shemeji! Nafuta ukavu." Akacheka peke yake, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko machozi ya hospitali.

"Shemeji," Mizani alisema.

"Naam?"

Alimtazama. Shemeji alikuwa na macho ya Mwalimu, ila ya Mwalimu hayakuwahi kumsubiri mtu kwa unyonge namna hiyo. Maneno yalikuwa tayari. Yalikuwa machache, yangeenea kwenye kiganja. Dole gumba lake, lililolala juu ya rimoti, lilibonyeza lenyewe.

Tk.

"Imekubali?" Shemeji aliuliza.

"Imekubali."

"Hongera, shemeji. Dada atafurahi." Akachukua kikombe cha jana, akaenda zake.

Mizani alibaki anatazama balbu ya kulia ikiwaka. Mchana huo alifunga waya kwenye amplifaya. Nyaya zote sasa zilikuwa nyeupe, na macho ya mtu yeyote yasingezitofautisha. Akapapasa ncha kwa vidole, moja baada ya nyingine, mpaka alipopata penye kinundu. Hiyo nyekundu. Akawasha. Muziki ulitoka sebuleni, ukahamia chumbani, ukarudi. Hakuna kilichoungua.

*

Mwalimu alirudi Jumamosi kabla ya adhuhuri, akiwa na magongo mawili na ghadhabu ya mtu aliyebebwa sana. Mizani alimshika kiuno upande mmoja, Shemeji upande wa pili. Koridoni alisimama. Alitazama sakafu tupu. Akainua macho juu, akaufuata mstari mweupe toka mwanzo hadi mwisho.

"Pamekuwa peupe," alisema.

Wakasonga.

Walipomlaza, Shemeji alitoka. Mizani alimpa mkewe rimoti, akamwonyesha jicho alilolitundika juu ya mlango wa chumba, akaeleza vitufe viwili kwa kirefu kuliko vitufe viwili vinavyohitaji. Mwalimu alibonyeza cha chini. Mbali, sebuleni, ilisikika tk, na gitaa likaingia chumbani. Ulikuwa wimbo wa zamani waliokuwa wakiucheza nyumba ilipokuwa na viti viwili tu.

"Loo!" Mwalimu alisema. "Amekuja kweli, mbuzi."

Akafumba macho. Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mizani alipaswa kufurahi, naye alifurahi kwa kadiri ya kupepesa jicho moja. Kisha akaona mkono wa kushoto wa mkewe unakwenda nyuma ya mto, kwenye spika iliyo juu ya kigoda, unaushika waya na kuufuata polepole, kama mtu anayetafuta kishikizo kwenye foronya.

Kidole kilisimama.

Kikarudi nyuma kidogo. Kikapita tena juu ya kile kinundu, mara mbili, mara tatu. Mwalimu hakufumbua macho. Alichimba kwa ukucha. Kipande cha rangi kavu kilianguka juu ya shuka, na chini ya weupe ukatokea weupe mwingine: uzi, umefungwa mara tatu, mkia umekatwa mfupi, kama anavyofunga yeye na si mtu mwingine.

Mizani hakuwa ameyasahau mafundo yale. Yalikuwa yamemwongoza tangu Jumatano. Lakini mwenye taa haangalii taa, huangalia njia.

"Waya ule ule," Mwalimu alisema.

"Ule ule."

Wimbo uliendelea. Toka koridoni, chini ya gitaa, ulisikika mlio mwingine, wa nguo ikiburutwa sakafuni, inakwenda na kurudi.

"Anafanya nini huyo?"

"Anafuta."

"Anafuta nini? Nimepita sasa hivi. Pakavu."

"Ukavu," alisema Mizani.

Mwalimu alifumbua macho, akamtazama. Mizani alisubiri. Alitamani hata amrushie rimoti, amwite jina lolote, maana kelele zingemfichia kitu. Mkewe alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la kwanza waliojua jibu lakini wakaliogopa, na aliweza kutazama hivyo kipindi kizima.

"Mdogo wangu!" aliita hatimaye. "Acha hicho kitambaa. Njoo ukae."

Shemeji aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa miguu, kitambaa kikiwa bado mkononi. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kuna nini? Muziki umekataa?"

"Muziki hauna neno."

Mwalimu aliinua rimoti, akaielekeza juu ya mlango, akabonyeza kitufe cha juu. Tk, ilisema sebuleni. Gitaa likatoka chumbani kwa mpigo mmoja, kama mgeni aliyeelewa, likaenda kuviimbia viti. Ukimya ulioachwa ulikuwa mpana. Mizani aliunda kitu cha kumletea mkewe sauti bila yeye kuinuka. Kwamba kitu hicho hicho kingeweza kuiondoa, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Mwalimu alilaza rimoti kifuani, akakunja mikono juu yake.

"Haya, Mizani," alisema. "Tunakusikiliza."

Shemeji alikuwa akikunja kitambaa chake, nusu, robo, akikifungua, akikikunja tena. Mizani alivuta kiti cha kushonea, akakaa ili macho yake yawe sawa na ya Shemeji. Mikono yake ilikuwa mitupu. Aliiweka juu ya magoti, pale pale.

"Shemeji," alisema, "siku ile nilipiga magoti pale koridoni kabla ya watu wote. Suruali yangu haikulowa."

Mikono ya Shemeji iliacha kukunja. Sebuleni wimbo ulifika mwisho, pakawa na ile sekunde ya mkwaruzo mtupu, kisha mwingine ukaanza.